Mninga na Mnyaa

Katika barabara ya Kahama kwenda Kakola, mji uliokua kando ya mgodi wa Bulyanhulu, mnyaa unauona umesimama na mninga unauona umelala. Mnyaa ni ua: umezunguka kaya, umezunguka zizi la ng'ombe, umetenga shamba la mtu na la jirani yake, na mwezi wa Septemba ni wa kijani wakati majani mengine yote yamekauka. Mninga ni mbao zilizopangwa nje ya karakana, ni fremu za milango, ni vitanda vilivyochongwa vichwani vikimsubiri mwenye mshahara. Mtoto wa Kakola anaweza kufika darasa la saba akilala juu ya mninga kila usiku, na asiwe amewahi kuuona ukiwa na majani.

Mimea hii miwili haina undugu wa karibu. Mninga ni wa ukoo wa kunde. Jamaa zake ni karanga, choroko na migunga ya mbugani. Mnyaa ni wa ukoo mmoja na muhogo na mbarika. Ukivunja kijiti cha mnyaa hutoka utomvu mweupe unaowasha ngozi, na ukiingia jichoni huweza kumtia mtu upofu wa siku kadhaa. Ndiyo maana mbuzi wanaotafuna kila kitu wanauacha. Mninga ukiutema kwa panga hutoa utomvu mwekundu kama damu, ambao wazee walitumia kwa dawa na kwa rangi. Mtu angeweza kuishi Msalala, eneo hili la Kakola na Bulyanhulu, maisha yake yote bila kupata sababu ya kuitaja miwili hii pamoja. Mimi sababu nimeipata katika karatasi za uhifadhi.

Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, huweka kumbukumbu inayojulikana kama Orodha Nyekundu. Kila spishi iliyochunguzwa hupewa daraja, kuanzia zile ambazo hazina hatari ya karibu hadi zile zilizotoweka kabisa. Mnyaa, ambao wataalamu wanauita Euphorbia tirucalli, uko katika daraja la chini kabisa la hatari. Mninga, Pterocarpus angolensis, nao uko humohumo. Mwaka 1998 uliwekwa miongoni mwa mimea inayokaribia kuingia hatarini, lakini ulipochunguzwa upya ukashushwa, ukakaa daraja moja na ua wa zizi.

Kuna karatasi ya pili, nayo ni mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya wanyama na mimea kati ya nchi na nchi. Humo pia wamekutana. Minyaa na jamaa zake wote wenye mashina ya majimaji wamo katika Kiambatisho cha Pili tangu mwaka 1975. Mninga uliingia baadaye sana: nchi wanachama zilipokutana Panama Novemba 2022 ziliamua kwamba miti yote ya jenasi ya Pterocarpus iliyoko Afrika iingizwe katika kiambatisho hichohicho, na uamuzi ukaanza kutumika mwaka 2023. Kwa hiyo leo anayetaka kupeleka ng'ambo gogo au mbao za mninga anahitaji kibali, na anayetaka kupeleka ng'ambo mche wa mnyaa uliochimbwa porini anahitaji kibali pia. Mbele ya ofisa wa forodha, kile kijiti ambacho bibi anakichomeka ardhini bila hata kukimwagia maji kina heshima sawa na mti unaojenga nyumba za mji mzima.

Nani angeiba mnyaa? Hakuna. Umo kwa sababu ya jamaa zake, mimea adimu ya Madagaska na kusini mwa Afrika inayotafutwa na wakusanyaji wa mimea ya vyunguni, na kwa kuwa ofisa wa mpakani hawezi kutofautisha mmea mmoja na mwingine, kundi zima ukafungiwa mlango mmoja. Habari ya mninga inakaribiana na hiyo. Kilichozitisha nchi zaidi ni ndugu zake: ule wa Afrika Magharibi uliokatwa kwa wingi na kupelekwa Asia, na ule unaoitwa mukula huko Zambia na Kongo, uliofuata njia ileile. Wote wawili, mnyaa na mninga, wameingia katika mkataba kwa sehemu kubwa kwa matatizo ya nduguze.

Sisemi kwamba karatasi hizi zimekosea. Orodha Nyekundu hupima spishi nzima katika eneo lake lote, na mninga unaota kuanzia Angola na Namibia, kupita Zambia, Malawi, Zimbabwe na Msumbiji, hadi Tanzania yetu na kusini ya Kongo. Katika misitu yote hiyo ya miombo bado ipo mingi mno, na kusema kwamba spishi inakaribia kutoweka duniani kungekuwa uongo. Ila mtu wa Bulyanhulu haishi katika eneo lote la mninga. Anaishi Bulyanhulu. Kwake yeye mti ulioko Angola ni kama haupo, hauwezi kuangusha mbegu katika kilima cha kwao. Seremala wa Kakola ukimuuliza mbao zake zinatoka wapi atakutajia Tabora, Katavi, Uvinza. Hilo ni daraja la uhifadhi ambalo halikuandikwa popote, nalo hupimwa kwa kilomita za lori.

Tofauti kubwa kuliko zote kati ya mimea hii haionekani katika orodha yoyote kati ya hizo mbili. Ni namna kila mmoja unavyorudi baada ya kukatwa.

Mnyaa hurudi kwa mkono wa mtu. Unavunja tawi, unaliacha utomvu ukauke kidogo, unalichomeka ardhini, na mvua za kwanza zikifika lina mizizi. Haudai udongo mzuri. Majani yake ni madogo na hudondoka upesi. Kazi ya kutengeneza chakula hufanywa na vijiti vyenyewe, ndiyo sababu kiangazi hakiutishi. Ukikatwa juu unachipua, ukiangushwa matawi yake yanaota yalipoangukia. Watu waliuchukua wakaupeleka hadi India na Brazili, na huko nako ukakubali. Linnaeus alipouandika mwaka 1753 aliupa jina linalotokana na lugha ya Malabar, maana hata wakati huo ulikuwa umekwisha kusafiri mbali.

Mninga hurudi kwa njia ndefu inayohuzunisha. Tunda lake ni sahani bapa lenye bawa pana na jepesi pembeni na miiba mingi katikati, na ndani mna mbegu moja au mbili. Tunda halipasuki lenyewe. Linapeperushwa, linalala, linasubiri moto au mchwa au mvua nyingi vilifungue, na mbegu nyingi haziamki kamwe. Ile inayoota hutoa kijiti katika mvua, na kiangazi kikija kijiti hicho hukauka hadi chini. Mvua zinazofuata mzizi hutoa kijiti kingine, nacho hukauka. Hivyo hivyo mwaka baada ya mwaka, hata miaka kumi, mmea hukua chini tu, ukijaza mzizi wake akiba, mpaka siku utakapokuwa na nguvu ya kutoa shina linaloweza kuvuka kiangazi na moto. Anayepita hapo mwezi wa Agosti haoni mninga, anaona kijiti kikavu. Mwenye jembe anakifyeka kwa nia njema kabisa, akidhani anasafisha shamba. Na hata ukivuka hatua hiyo, miongo mingi hupita kabla haujawa mti wa kupasua mbao.

Kwa hiyo mti mmoja wa mninga ukikatwa Msalala, na mnyaa mmoja ukikatwa Msalala, mambo mawili tofauti yametokea, ingawa daraja ni moja. La kwanza ni hasara ya vizazi viwili au vitatu vya watu. La pili hata si hasara.

Ipo tofauti nyingine, na hii inatuhusu sisi zaidi ya mimea yenyewe. Mnyaa una faida ukiwa hai. Ua uliokufa haumzuii ng'ombe wala haumfichi mtu anayeoga uani. Kila mwenye mnyaa ana sababu ya kuuacha umesimama. Mninga unapendwa ukiwa umekufa. Sifa zote tunazoumwagia, kwamba mchwa hawaugusi kirahisi, kwamba mbao zake hazipindi zikikauka, kwamba rangi yake inazidi kuiva kadiri miaka inavyokwenda, ni sifa za mzoga. Bei yake huanza siku unapoanguka. Nyuki huchuma katika maua yake ya manjano, kivuli chake kinafaa, gome lake lina watu wanaolichemsha, lakini vyote hivyo havijengi bei inayoweza kushindana na mlango.

Aliyewahi kutaka kuugeuza mnyaa uwe na bei ya mauti ni mkemia Melvin Calvin wa Marekani, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1961. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mafuta yalipopanda bei, alipendekeza mimea ya ukoo huu, mnyaa ukiwemo, ilimwe kwa maelfu ya ekari na utomvu wake ugeuzwe mafuta ya kuendeshea magari. Bei ya mafuta ilishuka, wazo likafifia. Nadhani hata kama lingefanikiwa mnyaa ungesalimika, kwa sababu uleule wa kurudi upesi. Mninga haukupata bahati ya wazo lake kufifia. Kila ukuaji wa mji unaongeza milango.

Na mji umekua kwa dhahabu. Bulyanhulu palikuwa na wachimbaji wadogo kabla ya mgodi mkubwa. Waliondolewa mwaka 1996, na mgodi wa chini ya ardhi ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Mgodi wa chini ya ardhi haufyeki eneo kubwa kama mgodi wa shimo la wazi, na haki hiyo upewe. Miti inakwisha kwa sababu ya watu wanaoifuata dhahabu: mkaa wao, matofali yao ya kuchoma, nyumba zao, vitanda vyao. Ukisogea upande wa Geita, Nyarugusu na Rwamgasa na Mgusu, unaongezeka mzigo wa matimba, magogo yanayoshikilia kuta za duara, yaani shimo la uchimbaji, ili lisimfukie mchimbaji. Matimba huoza kwa unyevu, hubadilishwa, na mchimbaji mwenye akili hachezi na tatizo hilo. Atakata mti wowote mgumu ulio karibu kuliko kuteremka mita arobaini katika duara bovu. Siwezi kumlaumu. Na upande wa kusini na magharibi mwa Kahama kuna mabani ya kukaushia tumbaku, ambayo nayo yanakula kuni tangu kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Lakini itakuwa si haki kuiachia dhahabu peke yake lawama. Misitu ya Shinyanga, mkoa uliobeba Kahama, ilianza kukatwa kwa mpango zamani. Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliweka Shinyanga makao ya utafiti wa mbung'o, chini ya C. F. M. Swynnerton, na mmoja wa watu wake alikuwa mtaalamu wa mimea, B. D. Burtt. Burtt alizunguka nchi hii akikusanya matawi, maua na matunda kwa maelfu, akaandika ni mti gani unaota na mwingine upi na katika udongo gani. Kazi hiyo ilikuwa na lengo: kujua mbung'o anategemea miti ipi, ili ikatwe hiyo tu na mingine iachwe. Wote wawili, Swynnerton na Burtt, walikufa katika ajali moja ya ndege mwaka 1938. Huwa nalifikiria hili kwa uzito. Miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo na za uangalifu mkubwa kabisa za mimea ya Usukuma zimo zile zilizoandikwa na idara iliyokuwa ikitafuta cha kukata. Burtt aliijua miti ile kwa upendo, hilo linaonekana katika wingi wa alichokusanya, na bado maarifa yake yalikuwa yanaelekea kwenye shoka. Baada ya hapo ikaja pamba, ikaja mifugo mingi zaidi, na ufyekaji haukuchagua tena kwa uangalifu ule.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Katikati ya miaka ya 1970 familia zilizokuwa zimetawanyika, kila moja katika kaya yake na malisho yake ya akiba, zilihamishiwa vijijini. Kuna jambo ambalo mtu anayetembea Usukuma anaweza kuliona hata sasa: ua wa minyaa ulioota na kuwa miti, katikati ya shamba, haumzunguki mtu yeyote. Ni mahame. Nyumba ya udongo imeyeyuka, mlango wa mninga ulibebwa siku ya kuhama au ukachomwa baadaye na wapita njia, na mnyaa ukabaki ukichora umbo la kaya. Kilichopotea hapo ni zaidi ya nyumba. Malisho ya akiba yaliyokuwa karibu na kaya yakawa mbali na mwenyewe, hakuna wa kuyachunga, na kila mtu akakata.

Malisho hayo ni ngitili. Msukuma hufunga sehemu ya ardhi yake mvua zinapoanza, mifugo isiingie, ili kiangazi kikikaza ng'ombe dhaifu na ndama wapate pa kula. Ni utaratibu wa nyasi kwanza. Miti hunufaika kwa sababu tu hakuna anayeisumbua. Kufikia mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza, mkoa ulikwisha kuitwa Jangwa la Tanzania, na ngitili zilizojulikana zilikuwa zimebaki hekta zipatazo 600. Mkoa wakati ule ulikuwa mkubwa, ukibeba hadi Bukombe na Bariadi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikadiriwa kuvuka hekta 300,000. Mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Equator, na watafiti waliopita baadaye katika ngitili zilizofufuka walihesabu aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo.

Miche ya bustani ilikuwepo, lakini sehemu kubwa ya misitu ile ilirudi kutoka chini. Visiki na mizizi vilikuwa bado hai. Watu walipokubali kufunga ardhi, na dagashida, baraza la jadi la wanakijiji, ikaweka faini, na sungusungu, walinzi wa jadi ambao walianzia pande hizihizi za Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakasimamia, mizizi iliyokuwa ikichipua na kufyekwa kila mwaka ikapata nafasi ya kuchipua bila kufyekwa. Kwa mmea kama mninga, ambao utoto wake wote hupita chini ya udongo, sijui utaratibu wa kitaalamu unaouzidi huo. Ngitili ni mahali pekee katika nchi ya wafugaji ambapo mti unaosimama una mwenyewe anayefaidika nao ukiwa umesimama, hata kama faida hiyo ni nyasi zilizo chini yake.

Hapa ndipo mimea miwili isiyo na undugu inaweza kufanyiana kazi. Ngitili nyingi hazina ua; mpaka wake ni neno la wazee na heshima ya jirani. Neno hilo lilitosha majirani walipokuwa wanafahamiana. Karibu na Kakola, ambako watu wengi wametoka Mara, Kigoma, Singida na Dar es Salaam, halitoshi, na sioni haya kusema hivyo. Mpaka unaoonekana unahitajika, na mpaka wa bei nafuu kuliko yote unaota kando ya kila zizi.

Kwa Msalala ningeanza hivi. Nisingeanza na kitalu, kwa sababu mche wa mninga unaokauka kila kiangazi humkatisha tamaa mtunza bustani, na mwenye hesabu za mradi atauandika umekufa. Ningeanza na mininga mama iliyobaki katika ardhi ya kichanga, mbali na udongo mweusi wa mbuga ambao mti huu hauupendi. Kila mama mmoja azungushiwe ua wa minyaa mpana wa kutosha kufika matunda yanakopeperushwa, na upande wa nje ufyekwe njia ya kuzuia moto. Ndani ya ua, vijiti vikavu vya miaka ya kwanza viwekewe alama ili asije mtu akavifyeka. Nyasi zilizomo zibaki za mwenye ardhi, akate kwa mkono alishe ndama, maana bila hizo hana sababu ya kuulinda ua huo hata mwaka wa pili. Sheria ndogo za kijiji ziutaje mninga kwa jina lake. Na kwa kuwa sheria za nchi zinamdai mwenye mgodi aandae mapema mpango wa kufunga mgodi na fedha za kurekebisha mazingira, mpango wa Bulyanhulu ungeweza kuzitambua nyua hizi kuwa benki yake ya mbegu na kuwalipa wenye ardhi kwa kila mwaka ambao ua haujavunjwa. Malipo hayo yangekuwa madogo sana mbele ya dhahabu inayotoka pale, na yangeupa mninga wa Kakola kitu ambacho haujawahi kuwa nacho hapa: bei ukiwa na majani.